Kuchoma mahindi na mashimalo kwenye moto wa gesi uani: dalili, sababu na la kufanya kwa wakazi wa nyanda za juu

Juni ikiingia, jioni za Mbeya, Iringa na Njombe hazikaliki nje bila moto. Mwenye beseni la moto wa gesi uani, yaani karai lenye bana (bomba la matundu linalotoa mwali) chini ya mawe, ana raha yake: hakuna moshi wa kumfukuza mtu kitini, hakuna kuni mbichi, na ukimaliza unafunga koki unakwenda kulala. Shida huanza watoto wanapoleta mahindi, au mgeni anapofika na pakiti ya mashimalo, zile peremende laini nyeupe za supamaketi. Beseni limetengenezwa kwa kuota. Kuchomea chakula ni kazi nyingine, na baridi, mvua na hewa nyepesi ya huku kwetu vinaongeza mambo ambayo kijitabu cha maelekezo hakiyataji.

Kabla ya yote, soma hicho kijitabu. Mabeseni mengine watengenezaji wake wamekataza kabisa kuchomea chakula, hasa yale yaliyojazwa vipande vya kioo badala ya mawe. Kama la kwako limekatazwa, lake liwe la kuota tu, na mahindi yaende kwenye jiko la mkaa. Kama limeruhusiwa, shika jambo hili, kwa sababu nusu ya matatizo yaliyo hapa chini yanatoka kwenye kulisahau: kwenye moto wa gesi chakula kinaivishwa na joto la mawe, si na ndimi za moto.

Kuna harufu ya gesi

Naanza na hili kwa kuwa halina subira. Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu; ile harufu kali ya uozo huongezwa makusudi ili uvujaji ujulikane. Ukiisikia kabla hujawasha, usiwashe. Ukiisikia moto ukiwaka, zima, funga valvu ya mtungi, waondoe watu, na usiguse swichi ya umeme wala kushika simu hapo karibu. Harufu ikiendelea hata baada ya kufunga valvu, ondokeni wote, na mkiwa mbali pigeni 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Gesi hii ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa: propani kama mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Haipai ikapotea angani. Inatambaa chini, inajaa mtaroni, inakaa shimoni ikisubiri cheche. Nyumba nyingi za Mbeya ziko kwenye mteremko, na mtu anapopanga pa kuweka beseni hufikiria mandhari tu. Fikiria pia upande wa chini kuna nini. Kama kuna dirisha la chumba cha watoto au uani kwa jirani anakopikia kwa mkaa, hamisha. Na sikubaliani kabisa na mafundi wanaochimbia bana ardhini na kujengea zege pande zote bila kuacha matundu ya hewa chini. Gesi ikivuja humo haina pa kutokea.

Kutafuta tundu ni kazi ya sabuni. Koroga sabuni na maji hadi povu liwe zito, paka kwa sponji kwenye regulata, kwenye klipu za mpira pande zote mbili, na kwenye koki, kisha fungua valvu bila kuwasha. Povu likianza kuvimba, umepapata. Mara nyingi mkosaji ni washa, kile kipete kidogo cha mpira cha kuzibia kwenye regulata, iliyokauka, au mpira wa gesi uliopasuka mahali unapokunjwa. Mpira uliokwisha kupasuka haufungwi kwa utepe wala kwa kamba ya tairi. Unanunuliwa mwingine, wa gesi, si wa kumwagilia bustani.

Unawaka, ukiachia koki unazimika

Mabeseni mengi yana kijiti cha chuma karibu na bana, themokapo, kinachohisi joto. Kikiwa cha baridi, kinafunga gesi. Kwenye usiku wa nyuzi joto 6 au 7 kinachukua muda kupata moto, kwa hiyo bonyeza koki na uishikilie sekunde 20 hadi 30 baada ya moto kushika. Ikiwa bado unazimika, kisugue kwa kitambaa kikavu au msasa laini, kwa sababu masizi na sukari iliyodondoka hukifunika. Angalia pia kama upepo hausukumi mwali upande wa pili. Watu wa Makambako wanajua ninachosema. Kama hiyo haisaidii, kifaa kimekufa na fundi atakibadilisha. Asikushawishi kukiruka kwa waya. Hicho ndicho kinachofunga gesi upepo unapozima moto nanyi mmegeuka kuchukua chumvi.

Unawaka vizuri, baada ya nusu saa unanyong'onyea

Hii ndiyo lalamiko kubwa la huku, na wengi humlaumu muuza gesi. Wakati mwingine anastahili, lakini mara nyingi mwenye kosa ni baridi.

Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika. Ili iwake lazima kwanza igeuke mvuke, na kugeuka huko kunakula joto la mtungi wenyewe. Propani hugeuka mvuke hata kwenye nyuzi joto 42 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi yetu haiitishi. Butani hukoma karibu na sifuri. Sasa weka mtungi mdogo wa kilo 6 juu ya sakafu ya saruji, saa mbili usiku, mwezi wa Julai, halafu uufungulie bana kubwa. Gusa ubavu wake baada ya dakika chache: utakuta umeloa umande kuanzia chini hadi mahali fulani, kisha juu yake ni mkavu. Mstari huo ndio kimo cha gesi iliyobaki. Umande ukigeuka ukungu mweupe wa barafu, mtungi umeshindwa kasi unayoitaka, na moto unashuka ingawa gesi bado imo. Uache upumzike, asubuhi utawaka tena kama mzima.

Kuna jingine. Propani hutangulia kutoka, butani hubaki nyuma. Mtungi unaokaribia kuisha unakuwa na butani nyingi zaidi kuliko ulipokuwa mpya, na ndiyo maana robo ya mwisho ina unyonge hasa kwenye usiku wa baridi.

La kufanya: tumia mtungi mkubwa, wa kilo 15 au zaidi, kwa kuwa una eneo pana la kupokea joto la hewa. Uinue kutoka sakafuni kwa ubao imara. Punguza moto, wa kuchomea hauhitaji kuwa mkubwa kama wa kuota. Ukiwa na mitungi miwili, wa robo ya mwisho upeleke jikoni ndani, kwenye jiko linalotumia gesi kidogo. Usiusogeze mtungi karibu na moto ili uupashe, usiumwagie maji ya moto, na usiulaze. Ukilazwa, kimiminika chenyewe huingia kwenye mpira, na mwali hurefuka ghafla mbele ya nyuso za watu.

Moto wa njano unapendeza, chakula kinatoka na masizi

Mwali wa bluu maana yake gesi imepata hewa ya kutosha. Mwali wa njano una chembe za kaboni zinazong'aa kabla ya kuungua, na chochote cha baridi ukiweka katikati yake, kijiko, hindi, kipande cha mashimalo, chembe hizo zinakigandia. Ndiyo masizi. Mabeseni mengi yamepangwa makusudi yatoe njano kwa ajili ya uzuri, kwa hiyo njano peke yake si ubovu. Kosa ni kutia chakula humo.

Huku kwetu njano inazidi. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe juu zaidi, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kati ya asilimia 15 na 20. Bana iliyopangwa kwa hewa ya pwani inapata oksijeni pungufu. Kama bana yako ina kilango cha hewa, kile kipande cha chuma kinachozunguka kwenye shingo ya bomba, kifungue kidogo kidogo moto ukiwa umezimwa, uwashe, utazame. Kikizidi, mwali unaruka juu ya matundu na kuzimika. Unatafuta bluu chini na njano nchani tu. Kutoboa matundu makubwa zaidi kwenye bana, kama baadhi ya mafundi wanavyopendekeza, kunaongeza gesi, na tatizo letu ni hewa.

Ikiwa njano imekuja ghafla kwenye beseni lililokuwa linawaka bluu, au moto unatoka upande mmoja tu, au unasikia mngurumo ndani ya bomba, zima mara moja. Buibui. Wanapenda kutaga kwenye bomba la bana wakati wa masika, beseni likiwa limefunikwa kuanzia Novemba hadi Aprili. Utando mdogo unatosha kuzuia hewa, na mngurumo ule ni moto unaowaka ndani ya bomba badala ya nje. Funga mtungi, fungua bomba, pitisha brashi ya waya mwembamba, kisha zibua kila tundu kwa pini. Fanya hivyo kila mwaka kabla ya kuwasha mara ya kwanza.

Mawe yanalia na kupasuka

Mawe ya mtoni yasiwekwe kwenye moto. Ni laini, mazuri kwa macho, na yana maji yaliyonaswa ndani. Yakipashwa, maji yanakuwa mvuke, mvuke hauna njia, jiwe linapasuka na vipande vinaruka. Zege na matofali mabichi nayo hupasuka. Yanayofaa ni mawe ya volkano yenye matundu, na upande wa Rungwe yamejaa. Lakini matundu hayo hayo yanakunywa mvua, na Tukuyu ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Jiwe lililoloa liache juani siku kadhaa, kisha washa moto mdogo kwa nusu saa bila mtu kukaa karibu, ndipo uongeze. Beseni lifunikwe kila likishapoa. Mawe yasirundikwe juu ya bana hadi yakaiziba: tabaka moja au mawili, na nafasi katikati.

Hindi jeusi nje, bichi ndani

Mkaa una makaa. Gesi haina. Muuza mahindi wa stendi anapuliza makaa hadi yawe mekundu bila mwali, na joto lile linaingia kwenye punje taratibu. Wewe ukiweka hindi juu ya mwali wa gesi, ngozi ya punje inaungua kabla maziwa yaliyo ndani hayajapata moto. Mawe ndiyo makaa yako. Yawashie dakika 15 hadi 20, kisha shusha mwali hadi uwe mfupi kuliko mawe yenyewe, ndipo uweke wavu juu, kama sentimita 15 kutoka kwenye mawe.

Mahindi mabichi yaanze na maganda yake. Ondoa maganda ya nje yaliyokauka, acha ya ndani ya kijani, geuza kwa dakika kama 10, punje ziive kwa mvuke wao. Kisha menya, malizia dakika 3 au 4 hadi zipate madoa ya kahawia. Ndimu na pilipili huja baada ya hapo. Chumvi yenye maji ikidondokea mawe na chuma cha moto huacha kutu. Hindi lililokwisha kukomaa halina dawa kwenye gesi. Lichemshe kwanza.

Viazi mviringo na viazi vitamu vichemshwe nusu kabla ya kuja uani, la sivyo mtakesha. Ndizi mbivu za Tukuyu ndizo rahisi kuliko vyote: weka na ganda lake juu ya wavu, geuza, ganda likiwa jeusi na kuanza kupasuka, ndani pameshakuwa uji mtamu. Foili uifungie chakula ukitaka, ila usitandaze juu ya mawe. Inazuia hewa na kurudisha joto chini kwenye bana na mpira. Nyama yenye mafuta sishauri kabisa. Mafuta yanadondoka, yanawaka, yanaziba matundu, na moto wa mafuta haumwagiwi maji. Kama mmeshaanza na umelipuka, funga gesi kwanza, kisha mchanga mkavu au kizima moto cha unga.

Mashimalo yanashika moto

Mashimalo ni sukari na jelatini iliyopigwa hadi ikajaa hewa. Nje inaungua sekunde chache, ndani bado baridi, na mtoto anadhani dawa ni kusogeza karibu zaidi. Dawa ni kusogeza mbali. Shika kijiti pembeni ya beseni, mbali na mwali, juu ya mawe ya moto, na uzungushe polepole bila kusimama. Kwanza yanavimba, kisha rangi inageuka kuwa ya chai ya maziwa, kisha kahawia. Hapo toa.

Yakishika moto, puliza. Usitikise kijiti. Kutikisa kunarusha sukari inayowaka, na sukari iliyoyeyuka ina joto linalozidi nyuzi 150, tena inaganda kwenye ngozi. Yakitoka, hesabuni polepole hadi 30 kabla ya kuuma, kwa kuwa ganda hupoa na kiini kinabaki cha moto. Kwa watoto wadogo yakatwe vipande. Ni laini na yanaziba koo. Na mwenye wageni Waislamu asome pakiti: jelatini nyingine hutokana na nguruwe, kwa hiyo tafuta yenye alama ya halali.

Chakula kina ladha chungu au ya ajabu

Kama ni gesi yenyewe inayonukia kwenye chakula, haiungui yote: rudi kwenye masizi na buibui. La sivyo, kitazame kijiti. Kijiti cha paini kina utomvu unaotoa moshi mchungu. Mnyaa wa uzioni usiuguse. Maziwa yake yanachoma ngozi na yakiingia jichoni ni hatari. Mwanzi uliopasuliwa ni bora na huku upo kila mahali, ila uwe umepasuliwa kweli, kwa sababu pingili nzima iliyofungwa hulipuka ikipashwa. Urefu usipungue sentimita 80, na uloweke nusu saa. Waya uliopakwa zinki na nondo zenye rangi zisikaribie chakula.

Mtu ameungua

Maji safi ya bomba yanayotiririka, dakika 20, mara moja. Sukari iliyoganda usiibandue. Maji yatafanya kazi yake. Vua pete na saa mapema kabla hapajavimba. Dawa ya meno, asali, mafuta, yai na unga havipakwi, hata kama bibi amesisitiza. Mwambie kwa heshima, lakini mkono ubaki kwenye maji. Usiku wa Julai maji ya Mbeya ni ya baridi kweli kweli, kwa hiyo poza mahali palipoungua tu na umfunike mtoto blanketi sehemu nyingine. Barafu haihitajiki. Kidonda kilichozidi kiganja cha aliyeungua, au kilichopo usoni, mikononi au kwenye kiungo, kiende hospitali usiku huo huo.

Nguo zinachangia kuliko watu wanavyodhani. Kwa baridi hii kila mtu amevaa koti la mtumba la nailoni au sweta la manyoya bandia, na vitambaa hivyo huyeyuka na kugandia mwilini. Wanaochoma wavae pamba au sufu, na kitenge cha begani kifungwe kiunoni. Viti vya wanaoota vikae mita 2 kutoka kwenye moto, na ndoo ya mchanga iwe pale pale, si stoo.

Kichwa kinauma, watu wanasinzia

Mmeingia wapi? Mvua ikinyesha watu husukuma beseni hadi barazani, wanashusha turubai kuzuia upepo, na raha inaendelea. Moto wa gesi usiopata hewa ya kutosha hutoa monoksaidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi usioeleweka kwa watu zaidi ya mmoja: tokeni nje wote sasa hivi, zimeni moto, na aliyelegea apelekwe hospitali. Hakuna chumba kinacholifaa beseni, wala baraza lenye kuta tatu. Jiko la mkaa la kupashia chumba usiku ni hatari hiyo hiyo, na kila kipupwe linaua.

Mtungi unaisha upesi

Piga hesabu kabla ya kulalamika. Kilo moja ya gesi ina nishati ya karibu kilowati-saa 13. Bana ya kilowati 15 iliyofunguliwa yote inakula zaidi ya kilo moja kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 hauwezi kufika saa sita. Angalia namba iliyo kwenye kibao cha beseni lako. Kama hesabu haiendani na muda uliopata, pima mtungi unapoununua: uzito mtupu umeandikwa kwenye chuma chake, ongeza kilo 6 au 15, na mzani wa muuzaji usome jumla hiyo. Unayo haki ya kuomba upimwe mbele yako.